Mchele wa risotto kwa bei nafuu Mombasa: mwongozo kamili wa kuuchagua, kuujaribu na kuupika

Mchele mzuri wa biriani ni mchele mbaya wa risotto. Ukilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha. Pwani mpishi husifiwa wali wake ukichambuka, punje moja moja, ukimiminwa kwenye sinia unatawanyika wenyewe. Risotto, ambayo asili yake ni Italia ya kaskazini, inataka kinyume: punje ibaki nzima na kiini chake kiwe kigumu kidogo, lakini izungukwe na urojo mzito mweupe uliotoka kwenye punje zenyewe. Hakuna malai inayotiwa. Ndiyo maana mtu anaweza kununua basmati ya bei ya juu kuliko zote dukani, afuate maelezo yote, na bado aishie na wali unaoelea kwenye supu.

Kwa hiyo usianze kwa kutafuta jina kwenye paketi. Anza kwa kujua punje unayoitaka, halafu uende sokoni ukaitafute. Mara nyingi utaipata kwenye gunia ambalo wanunuzi wa pilau wanalipita.

Punje inayotakiwa

Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Amilopektini hutoka nje ya punje inapopikwa na kuyafanya maji yawe mazito. Amilosi huipa punje uimara isipasuke. Mchele wa risotto unahitaji zote mbili kwa kipimo: utoe wanga nje, ndani ubaki na umbo. Mchele wa biriani hutoa wanga kidogo sana, na ukihifadhiwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kuuzwa, kama wafanyavyo wenye basmati nzuri, hutoa kidogo zaidi.

Waitalia wanazo aina zao, nyingi zikilimwa kwenye bonde la mto Po. Arborio imepewa jina la mji ulioko Vercelli, mkoa wa Piemonte. Ndiyo inayofika kwetu zaidi. Vialone Nano, ya tangu 1937, ni fupi na nene, na Verona wanaipenda sana. Carnaroli ilitokea 1945. Ina amilosi nyingi kuliko Arborio, kwa hiyo humvumilia mpishi aliyechelewa dakika mbili kuepua, lakini bei yake hupanda ipasavyo. Kwa anayejifunza, Arborio inatosha kabisa.

Ukizitazama kwa karibu, zote zina sifa zinazofanana: punje fupi au ya wastani, nene, isiyo na harufu kali, na yenye doa jeupe kama chokaa katikati. Hizo ndizo sifa za kuzitafuta Mombasa.

Wapi pa kuangalia, na kwa mpangilio gani

Anza na supamaketi kubwa za Nyali na zile za mjini, si kwa lazima ununue, ila ujue bei ya juu ni ipi. Arborio huuzwa kwa paketi za gramu 500 au kilo. Usilinganishe paketi kwa paketi, linganisha kwa sahani. Mlo mmoja wa mtu mzima ni gramu 80 za mchele mkavu, kwa hiyo paketi ya gramu 500 inalisha watu sita na kubaki gramu 20. Chukua bei ya kilo, zidisha kwa 0.08, utapata gharama ya mchele kwa mtu mmoja. Tuseme kilo ni shilingi 900: mtu mmoja ni shilingi 72. Mchele wa shilingi 180 kwa kilo ni shilingi 14 na senti. Kwa watu wawili wanaopika mara moja kwa mwezi tofauti hiyo si ya kukosea usingizi, nunua Arborio umalize. Kwa familia ya watu wanane, ni hesabu nyingine.

Kabla ya kulipa, igeuze paketi. Vumbi jingi chini, utando kama wa buibui kwenye pembe, au punje zenye vitobo ni dalili kwamba fukusi au nondo wameshaingia. Bidhaa isiyotoka haraka, na joto la Mombasa, hilo hutokea. Paketi iliyofyonzwa hewa ikawa ngumu kama tofali ndiyo salama zaidi.

Kwenye rafu ya vyakula vya Asia mashariki tafuta mchele wa sushi. Ni punje fupi, nene, yenye kunata, na wakati mwingine bei yake ni afadhali kuliko ya Arborio. Urojo wake ni mzuri. Kasoro yake ni kwamba kiini kinalainika mapema, hivyo hutaupata ule ukinzani wa jino ambao Waitalia wanaudai. Mchele wa Misri wa punje ya wastani, ule Waarabu wanaojazia mboga, nao unafaa sana ukikutana nao.

Mwenye safari ya Malindi aagizwe. Kule Waitalia wamekaa miaka mingi, na maduka yanayowahudumia huweka mchele wao na jibini zao. Kupanda gari kilomita 120 kwa ajili ya mchele tu, hapana.

Sasa soko. Kongowea na maduka ya nafaka ya jumla mjini ndiko kwenye bei ya chini, na ndiko kunakotaka macho. Usiulize mchele wa risotto, utauziwa wowote. Uliza hivi: “Ami, huu ukipikwa wachambuka au wanata?” Muuzaji akikwambia kwa fahari kwamba wachambuka, mshukuru uende gunia la pili. Mwambie unataka wa punje nene usio na harufu, wa bei ya vitumbua. Hapo ataanza kukuonyesha magunia ya nyuma.

Utakayokutana nayo ni haya. Pishori ya Mwea, ambayo ni jamii ya basmati, ni nyembamba na ina harufu. Harufu hiyo inayopendeza kwenye wali wa nazi hupigana na jibini, kwa hiyo iache. Mchele wa Ahero na mashamba mengine ya upande wa Kisumu mara nyingi hauna harufu na huuzwa bei ya chini. Ukipata wenye punje pana, ujaribu. Mchele wa Tanzania unaoingia kupitia Lunga Lunga ni wa namna nyingi. Ule wa Kyela na Mbeya unanukia, lakini punje zake hulainika vizuri na kushikana kidogo, na kwa risotto ya kamba au ya boga harufu yake haidhuru. Wa Pakistani mweupe, mrefu, wa bei ya chini, hutoa wanga kiasi lakini punje ni nyembamba na hukatika ukikoroga.

Mmoja usiuguse kabisa: mchele uliochemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa. Utautambua kwa rangi yake ya manjano hafifu na punje inayopitisha mwanga kama kioo. Wanga wake umeshaganda ndani, hautoki hata ukoroge mpaka magharibi.

Jambo la mwisho la sokoni ni mchanganyiko. Kuna wanaochanganya mchele wa bei na usio wa bei. Kwenye pilau unaweza usione, kwenye risotto utaona, maana nusu ya punje zitakuwa tayari dakika ya 12 na nusu nyingine dakika ya 18. Chota konzi moja, itandaze kiganjani. Ukiona urefu wa namna mbili au rangi mbili, rudisha.

Jaribio la robo kilo

Nunua robo robo ya aina mbili au tatu, usinunue kilo tano kwa maneno ya muuzaji. Nyumbani fanya hivi.

Tandaza punje kwenye sahani ya rangi nyeusi. Chagua kumi nzima, zipange mstari mmoja, ncha kwa ncha, upime kwa rula. Kisha zipange kumi hizo hizo ubavu kwa ubavu, upime tena. Arborio itakupa karibu sentimita 7 kwa urefu na sentimita 3 na kitu kwa upana. Basmati itakupa 7 au zaidi kwa urefu, lakini upana haufiki 2. Gawanya urefu kwa upana. Jibu likiwa 2.5 au chini, una mchele wa kufanyia kazi. Likiwa 3 na zaidi, huo ni wa pilau, na pilau nayo ina haki yake.

Washa tochi ya simu chini ya sahani ya kioo yenye punje chache. Doa jeupe katikati ni zuri. Punje nyeupe yote mpaka kwenye ncha, inayovunjika kwa ukucha, ilivunwa haijakomaa. Hizo zikiwa nyingi, mchele utageuka uji.

Halafu jaribio lenyewe. Chemsha mililita 400 za maji, tia gramu 50 za mchele usiooshwa, moto wa wastani, bila kufunika. Kuanzia dakika ya 10, kila dakika mbili toa punje tatu na uziponde kwa kijiko juu ya sahani. Mwanzo utaona kiini kikubwa cheupe, kisha nukta tatu ndogo, kisha nukta moja, kisha hakuna. Andika dakika ambayo nukta ilibaki moja, maana huo ndio muda wako wa kuepua. Andika pia dakika ambayo punje zilianza kupasuka ubavuni. Nafasi kati ya dakika hizo mbili ndiyo usalama wako: ikiwa nne au zaidi, mchele ni mzuri, ikiwa moja, utahitaji kusimama jikoni na saa mkononi.

Chuja yale maji kwenye bilauri, yaache yapoe. Yakiwa mazito na meupe kama uji mwepesi, umepata. Yakiwa unaona vidole vyako upande wa pili, wanga hautoshi, lakini bado kuna njia: chenga.

Chenga za kuokoa mchele mwembamba

Chenga ni rahisi kwa bei kuliko mchele wenyewe, na kwa kazi hii ni dawa. Kwa kila gramu 280 za mchele mzima weka gramu 40 za chenga za mchele huohuo, zilizotwangwa kidogo kwenye kinu. Zitayeyuka na kuwa urojo ambao punje ndefu haziwezi kuutoa. Usichanganye Arborio na mchele wa soko ukidhani utapunguza gharama. Muda wao ni tofauti, na ule wa soko utakuwa umekufa kabla Arborio haijaiva.

Kusafisha bila kupoteza wanga

Hapa ndipo mkono wa mpishi wa pwani unapomsaliti. Mchele wa risotto hauoshwi, kwa sababu maji meupe unayoyamwaga ndiyo risotto yenyewe. Ila mchele wa gunia una vumbi, mchanga na vijiwe, na hakuna anayetaka kuvunja jino kwa ajili ya Italia.

Wa paketi, tia sufuriani ulivyo. Wa gunia, upepete kwenye uteo, uchambue vijiwe, kisha utie kwenye bakuli lenye nusu lita ya maji safi. Uzungushe kwa mkono sekunde 20 tu, uopoe na kuuweka kwenye chujio. Yale maji usiyamwage. Yaache dakika tano mchanga utulie chini, kisha mimina sehemu ya juu taratibu kwenye sufuria ya supu na uache kidole kimoja cha maji chini. Wanga umeurudisha, na mchanga umebaki kwenye bakuli. Mchele utandaze kwenye kitambaa ukauke nusu saa, maana mchele mbichi wa maji haukaangiki, unachemka kwenye mafuta.

Kupika, kwa watu wanne

Mchele gramu 320. Supu lita 1.5 ya moto, ingawa huenda usiimalize. Kitunguu kimoja kidogo kilichokatwakatwa laini sana. Siagi gramu 30 za mwanzo, na gramu 40 za mwisho zikiwa baridi kutoka friji. Jibini ngumu iliyokunwa, gramu 60. Chumvi utie mwishoni, hasa kama supu ni ya vidonge, maana supu inapungua na chumvi inabaki.

Kwa kweli jibini ndiyo inayotafuna fedha kuliko mchele. Parmigiano Reggiano ni ghali, na hutengenezwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, jambo ambalo wengine huliangalia kwa ajili ya halali. Njia ya kuikwepa bila aibu ipo: Waitalia wenyewe kwa kawaida hawatii jibini kwenye risotto ya samaki. Chemsha vichwa na maganda ya kamba, au kichwa cha changu, na kitunguu, kwa dakika 25, chuja, na supu yako imepatikana kwa vitu ambavyo vingetupwa.

Weka supu iwe inatokota kwa chini pembeni. Kwenye sufuria nzito kaanga kitunguu kwa siagi, moto mdogo, dakika sita hadi nane. Kilainike kisibadilike rangi. Tia mchele, ukoroge kwa mwiko dakika mbili au tatu mpaka punje ukiigusa inaunguza kidole na kingo zake zimeanza kung'aa. Kukaanga huku huukaza ule uso wa punje ili isivunjike mapema. Isiwe kahawia, wanga ulioungua hauwezi tena kuwa mzito.

Waitalia hapa humimina mvinyo mweupe. Kazi yake ni uchachu wa kukata mafuta, na asiyeutumia atie kijiko kimoja cha mezani cha maji ya ndimu mwishoni pamoja na siagi. Inatosha, na kwa risotto ya kamba ndimu ni bora.

Tia upawa mmoja wa supu, kama mililita 120. Koroga taratibu. Supu ikikaribia kukauka, mwiko ukipita unaacha njia ambayo haijifungi upesi, tia upawa wa pili. Endelea hivyo. Arborio itataka dakika 16 hadi 18 na supu kama lita 1.2.

Mchele wa soko utaratibu wake ni mwingine. Tia supu mililita 600 hivi kwa pamoja, acha itokote bila kukoroga sana, kisha dakika tano za mwisho ndizo ukoroge kwa nguvu. Punje zake hazistahimili robo saa ya mwiko. Anza kuonja dakika mbili kabla ya ule muda ulioandika kwenye jaribio. Jumla ya supu kwa kawaida huwa mililita 900 hadi lita moja.

Nukta ikibaki moja, epua. Acha dakika moja. Kisha siagi baridi na jibini, upige kwa mwiko kwa nguvu kama sekunde 40 huku ukitikisa sufuria. Mafuta, maji na wanga vitashikana na kung'aa. Asiyetumia siagi anaweza kutia tui zito mililita 60, nalo litiwe baada ya kuepua, maana likichemka na kukorogwa hukatika na mafuta yakaelea. Si risotto ya Milano hiyo, lakini kwa kamba na Kyela ni chakula kitamu hasa.

Imimine kwenye sahani bapa, uipige chini ya sahani kwa kiganja. Itambae yenyewe mpaka kingoni. Ikisimama kama ugali, ongeza nusu upawa wa supu. Ukiona maji yanatangulia pembeni, irudishe motoni dakika moja.

Ikiharibika, sababu ni hizi

Nje imelainika na ndani pamebaki mchele mkavu: supu ilikuwa baridi, au moto mkali ulikausha kabla maji hayajaingia ndani. Imekuwa mashendea: mchele mpya sana au wa punje zisizokomaa, au umeukoroga mno. Mavuno makubwa ya Mwea hutoka mwisho wa mwaka na ya Tanzania sana sana Mei hadi Julai, na mchele uliokobolewa wiki hiyo hulainika haraka. Utoe dakika tatu mapema. Maji mbali na punje mbali: umeoshwa, au ni ule wa manjano. Imeshika matandu chini na juu bado: sufuria ya alumini nyepesi juu ya moto mkubwa. Kwa jiko la makaa tandaza makaa pembeni na uache katikati pawe hafifu. Na matandu yakishashika usiyakwangue, hamishia risotto kwenye sufuria nyingine.

Kuweka akiba, na kiporo

Ukishapata gunia zuri utataka kununua kilo kadhaa, na unyevu wa Mombasa hautakusubiri. Funga mchele kwenye mfuko usiopitisha hewa, uuweke kwenye friza siku nne ili mayai ya fukusi yafe. Ukiutoa, usiufungue mpaka urudi kwenye joto la chumba, vinginevyo umande utaingia ndani na kuleta ukungu. Kisha uhamishie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, mbali na jiko.

Kiporo cha risotto hakipashwi kikarudi kilivyokuwa. Kitandaze kwenye sinia kipoe upesi, kiingie kwenye friji ndani ya saa moja, maana wali uliolala mezani kwa joto hili huleta ugonjwa wa tumbo ambao kupasha moto hakuuondoi. Kesho yake kitakuwa kigumu. Kifinyange madonge ya gramu 60, uweke kipande kidogo cha jibini au nyama ya kima katikati, uchovye kwenye yai kisha chenga za mkate, ukaange kwenye mafuta ya kina. Mafuta yawe ya moto kiasi kwamba chenga ya mkate ukiidondosha inapanda juu na kuchemka papo hapo. Yakiwa baridi, donge litafumuka kabla halijashika rangi.